Kivutio na Msamiati: Kujifunza Kiingereza kwa Kusoma Habari za Miji ya Kale

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa vifungu vya kusoma ambavyo mwanafunzi wa Kiingereza hukutana navyo mapema, habari za miji ya kale zina nafasi ya pekee. Mji hutajwa, mahali ulipo huelezwa, mwaka wa kuanzishwa kwake hutolewa, kisha msomaji huongozwa kutoka jengo moja hadi jingine: kasri, kanisa, msikiti, daraja, soko, jumba la makumbusho. Mwishoni huwa pana orodha ya maneno mapya pamoja na maswali machache ya ufahamu. London, Paris na Roma ndiyo miji iliyozoeleka zaidi. Katika vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya Afrika ya Mashariki huongezwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mombasa na Kilwa.

Makala hii inakusudia kuihakiki aina hiyo ya matini kama chombo cha kujifunzia lugha, na kuipima kwa kuilinganisha na vitabu viwili ambavyo havikuandikwa kwa ajili ya darasa la Kiingereza, lakini ambavyo kila kimoja kina Kiswahili na Kiingereza ndani ya jalada moja. Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, katika tafsiri ya W. H. Whiteley iliyotolewa mara ya kwanza miaka ya 1958 na 1959. Cha pili ni Vocabulaire ya mji wa Elisabethville iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, na kutolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza na Johannes Fabian mwaka 1990.

Kipimo kitakachotumika ni mwanafunzi wa sekondari wa Kiambi, kando ya mto Luvua, katika jimbo la Tanganyika. Mwanafunzi huyo aghlabu ana lugha ya nyumbani, mathalani Kiluba. Ana Kiswahili cha soko na cha safari. Ana Kifaransa cha darasani. Kiingereza humjia kikiwa lugha ya nne. Katiba ya mwaka 2006 yaitambua lugha ya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa muda mrefu Kiingereza kilionekana kuwa somo la mtihani tu. Lakini mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa kuanzishwa ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya shughuli zake. Kwa hiyo swali la ni Kiingereza cha namna gani anachofundishwa mwanafunzi wa Kiambi si swali dogo. Atakihitaji asome masharti ya mkataba wa kazi, ajaze hati ya forodha, aulize bei, akatae bei, na pengine aeleze alikotoka mbele ya mtu asiyepajua.

Hoja itakayotetewa ni kwamba kifungu cha vivutio, kikiachwa peke yake, humfundisha mwanafunzi Kiingereza cha kutazama pasipo kuuliza. Iwapo mwanafunzi ataanza na habari ya mji ambayo Kiswahili chake anakimiliki, atajifunza sarufi ileile, na zaidi ya hiyo atajifunza kuihoji sentensi.

2.0 Sarufi ya Kivutio

Si haki kuibeza aina hii ya matini kabla ya kutaja manufaa yake. Habari za mji zina mpangilio unaoeleweka: msomaji anajua kwamba baada ya bandari itakuja ngome, na baada ya ngome litakuja soko. Msamiati wake ni wa vitu vinavyoonekana, hivyo waweza kufafanuliwa kwa picha au kwa mchoro wa ubaoni. Zaidi ya hayo, matini hizi hurudiarudia miundo michache ya sarufi, na marudio ni rafiki wa mwanafunzi. Mwalimu anayezichagua hajakosea. Kosa huanzia pale ambapo miundo hiyo hufundishwa kana kwamba haina maana yoyote isipokuwa umbo lake. Miundo minne yastahili kuangaliwa.

Muundo wa kwanza ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Sentensi kama "The fort was built in 1593" ni ya kawaida mno katika habari za Mombasa, na ni ya kweli: ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593. Kiswahili nacho kina kauli hiyo, "ngome ilijengwa", na mwanafunzi hapati taabu kubwa kuihamisha. Hata hivyo, nani aliyeijenga? Matini ikijitahidi sana itawataja Wareno, au itamtaja mchoraji wake wa ramani, Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waliochimba mwamba wa matumbawe na kubeba mawe hawatajwi. Kauli ya kutendwa huruhusu ukimya huo bila kuvunja kanuni hata moja ya sarufi. Mwanafunzi akiizoea kauli hiyo pasipo kuulizwa "na nani?", amejifunza pia kwamba swali hilo si la lazima.

Muundo wa pili ni daraja ya juu kabisa ya sifa. Kiingereza chaweza kusema "the oldest", "the finest", "the most beautiful", na kuishia hapo. Kiswahili hakina mnyambuliko wa namna hiyo. Husema "mkongwe kuliko yote" au "mzuri kupita mingine", na hivyo humlazimisha msemaji akitaje au angalau akiashirie kile anacholinganisha nacho. Tofauti hii ni somo zuri la isimu linganishi. Mwanafunzi anayefahamu kwamba Kiswahili chake kinadai "kuliko upi?" ana silaha ya kukisoma Kiingereza cha matangazo.

Muundo wa tatu ni wakati uliopo usio na mwisho. Habari za vivutio husema kwamba jengo "stands", mji "lies", mnara "overlooks". Kiswahili, kwa hali kama hizo, hutumia mara nyingi kiambishi -me-: jengo limesimama, mji umelala kando ya bahari. Kiambishi hicho huonyesha hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokwisha kutukia, na hivyo hubeba kumbukumbu ya wakati. Umuhimu wa jambo hili waonekana katika Beit el Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Kifungu kilichotungwa kabla ya hapo bado chasema kwamba jumba "stands", na mwanafunzi aliye mbali hana namna ya kulijua la kweli. Wakati uliopo wa vivutio hauzeeki, ingawa majumba yanazeeka.

Muundo wa nne ni "there is". Hapa Kiswahili ni tajiri zaidi, kwa kuwa kina ngeli tatu za mahali: mjini pana soko, mjini kuna joto, mjini mna watu wengi. Mahali mahususi, mahali pa jumla na mahali pa ndani hutenganishwa, ilhali Kiingereza huvijumuisha vyote katika maneno mawili. Mwanafunzi hufundishwa "there is" kana kwamba ni jambo jipya analoongezewa, kumbe ni jambo analopunguziwa. Akilielewa hivyo tangu mwanzo, hatastaajabu kwa nini Kiingereza kinahitaji baadaye kurudisha kwa vihusishi, "in", "at" na "on", kile ambacho Kiswahili kilikwisha kukionyesha katika kitenzi.

Juu ya miundo hiyo minne lipo neno lenyewe linaloitawala aina hii: "attraction", kivutio. Neno la Kiswahili limeundwa kwa uwazi kutokana na kitenzi vuta, na kwa hiyo hualika swali: kinamvuta nani? Jawabu ni mgeni. Matini ya vivutio ina msomaji wake maalumu, naye ni mtu aliyefika asubuhi na atakayeondoka jioni. Mwanafunzi wa Kiambi anaposoma kwamba mji fulani una vivutio kumi, huwa ameombwa kukaa katika kiti cha mtu huyo. Hakuna ubaya kukaa humo kwa saa moja. Ubaya ni kutopewa kiti kingine.

3.0 Nyumba ya Shangani na Kitabu cha Mwenyewe

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikishwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, mojawapo ya nyumba zinazoonyeshwa wageni ni ile ya Tippu Tip katika mtaa wa Shangani. Mlango wake wa nakshi husifiwa sana. Sentensi za vivutio zingetosha kabisa kuieleza: nyumba ilijengwa katika karne ya 19, ina mlango mzuri, mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mashuhuri.

Kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed kinaieleza njia iliyotangulia mlango ule. Tippu Tip aliyaandika masimulizi yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode aliyageuza kwa hati za Kirumi na kuyachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Mwenyewe alifariki Zanzibar mwaka 1905. Whiteley ndiye aliyeyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na Alison Smith akayaandikia utangulizi wa kihistoria. Hivyo mwanafunzi ana mbele yake jambo adimu: Kiswahili cha mtu aliyeyaona mambo, na Kiingereza kilichokifuata.

Kwa mwanafunzi wa Kiambi kitabu hiki si cha mbali. Mto Luvua unatoka katika ziwa Mweru pale Pweto, unapita Kiambi, na kuungana na Lualaba huko Ankoro. Nchi ya Itawa, ambako Tippu Tip alipigana na mtemi Nsama mwaka 1867, ipo baina ya ziwa Mweru na ziwa Tanganyika. Ni nchi ya Watabwa. Miji ya Kasongo na Nyangwe, inayotajwa katika masimulizi hayo, ipo kaskazini, katika nchi ya Maniema. Ujiji upo ng'ambo ya ziwa lilelile linalopakana na Kalemie. Mwanafunzi hupata katika Kiingereza majina ambayo huenda aliwahi kuyasikia kwa wazee wake.

Tofauti ya matini hii na ile ya vivutio yaonekana mara moja. Mji, katika masimulizi ya mfanyabiashara, si mkusanyo wa majengo. Ni mahali pa chakula au pa njaa, pa bei nzuri au mbaya, pa rafiki au adui, na umbali wake hupimwa kwa siku za mwendo. Kisarufi, kauli ya kutenda ndiyo inayotawala. Mtenda yupo, mara nyingi ni yeye mwenyewe, na matendo yake hufuatana kwa kiambishi -ka-. Mtu akisimulia kwa mtindo huo, "tukafika mjini, tukauza, tukanunua chakula, tukaondoka", mtafsiri wa Kiingereza hana budi kuamua: atumie "and" mara tatu, aweke "then", au aikate sentensi vipande? Kiingereza hakina -ka-. Mwanafunzi anayelilinganisha jambo hili kurasa kwa kurasa hujifunza wakati uliopita wa Kiingereza pamoja na viunganishi vyake kwa njia ambayo zoezi la kujaza nafasi haliwezi kuifikia. Vivyo hivyo kwa vibainishi: Kiswahili husema "mtemi" tu, na mtafsiri lazima achague iwapo ni mtemi yeyote au yule aliyekwisha kutajwa.

Kitabu hiki kina upungufu wake, na mhakiki asiufiche. Kiswahili chake ni cha Unguja cha karne ya 19, chenye maneno ya Kiarabu na ya biashara ambayo kijana wa leo hayajui. Upungufu mkubwa zaidi ni wa kimaadili. Tippu Tip alifanya biashara ya pembe na ya watumwa, na masimulizi ni ya mshindi. Watabwa wa Itawa hawasemi humo, husemewa. Kwa hiyo kauli ya kutenda peke yake haitoshi kuleta ukweli. Mtenda aweza kutajwa kwa fahari na bado mtendwa akakosa sauti. Mwalimu atakayekitumia kitabu hiki bila kuuliza "na Nsama angesemaje?" atakuwa amebadilisha kiti cha mgeni kwa kiti cha mteka nyara. Lakini angalau swali hilo laweza kuulizwa, kwa sababu jina la Nsama limo. Katika sentensi inayousifu mlango wa nakshi, halimo.

4.0 Mji kwa Kiswahili cha Nyumbani

Kitabu cha pili ni kinyume cha cha kwanza. André Yav alikuwa mtu wa tabaka la watumishi wa nyumbani, wale walioitwa maboi na Wazungu wa Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Mji huo ulianzishwa mwaka 1910, na kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Union Minière kikaanza kazi mwaka uliofuata. Mwaka 1965 Yav alikusanya habari za mji huo kama watumishi walivyozijua: kuja kwa Wabelgiji, kazi na mishahara, vita, na jinsi mtu alivyotendewa ndani ya nyumba aliyoifagia. Maandishi hayo yalitolewa kwa nakala za kupigwa taipu, katika Kiswahili cha Katanga, pasipo mhariri wa kuyanyoosha.

Fabian alipoyashughulikia alikutana na shida ya kiisimu. Maneno yalikuwa yameunganishwa na kutenganishwa bila kanuni moja, na alama za vituo hazikutosha. Njia aliyoitumia yafaa ikumbukwe na kila mwalimu wa lugha: maandishi yalisomwa kwa sauti na Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, sauti ikanaswa, na kutokana nayo maana ikapatikana. Kitabu cha mwaka 1990, chenye pia maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, kinatoa maandishi yenyewe, yale yaliyosomwa kwa sauti, na tafsiri ya Kiingereza. Matini hiyo imewekwa baadaye pia katika mkusanyo wa matini za Kiswahili cha watu wa kawaida unaopatikana kwenye intaneti.

Hapa ndipo hoja ya makala hii inapopata nguvu ambayo pengine haikutarajiwa. Kiswahili cha Katanga hudharauliwa shuleni. Husemwa kwamba kimeharibika, kwamba hakina sarufi, kwamba mwanafunzi akiache mlangoni. Lakini linapokuja suala la kueleza mahali, ambalo ndilo uti wa mgongo wa habari za mji, Kiswahili hicho ni daraja bora la kuvukia kwenda Kiingereza kuliko Kiswahili Sanifu. Sanifu husema "nyumbani", "sokoni", "mlangoni", kwa kiambishi tamati kimoja -ni, na kuacha upatanisho wa kisarufi ndio ubainishe iwapo ni ndani, ni kule au ni papo hapo. Kiswahili cha Katanga husema "mu nyumba", "ku soko", "pa mlango". Kipengele cha mahali kimewekwa mbele ya nomino na kimesimama kama neno, sawasawa na "in the house", "to the market", "at the door". Kiluba nacho kina mu-, ku- na pa-. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiambi anapofika darasani tayari anao mfumo wa vihusishi vya mahali, tena mara mbili, katika lugha mbili anazoambiwa hazimsaidii.

Ulinganifu huo hauna budi kuwekewa mipaka. Katika Kiswahili cha aina zote mbili mwendo huonyeshwa na kitenzi. Mtu huingia mu nyumba, hukaa mu nyumba, hutoka mu nyumba, "mu" haibadiliki. Kiingereza hubadilisha kihusishi: "into", "in", "out of". Mwalimu anayejua hivyo ataweka juhudi yake pale penye ugumu wa kweli, badala ya kufundisha "in" kana kwamba wazo la ndani halijawahi kufika Luvua.

Kwa upande wa maudhui, Vocabulaire humpa mwanafunzi mji unaoonekana kutoka jikoni. Majumba yale ambayo kitabu cha wageni kingeyaita mazuri, humu ni mahali pa kazi. Mwanafunzi husoma Kiingereza kinachotaja mishahara, adhabu, chakula na heshima, msamiati ambao atauhitaji siku ya kutia sahihi mkataba wake mwenyewe. Husoma pia, pengine kwa mara ya kwanza, Kiingereza kilichomfuata mtu aliyesema kama anavyosema mama yake, kikitafuta namna ya kumfikia. Aghlabu yeye ndiye anayekifuata Kiingereza.

5.0 Pingamizi

Pingamizi tatu zaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba matini hizi ni ngumu kwa mwanafunzi anayeanza. Ni kweli iwapo zitatolewa nzima. Lakini ugumu wa matini hutegemea sana kile msomaji anachokijua tayari. Kifungu kuhusu Paris chaweza kuwa na sentensi fupi na bado kikamzidi mtu asiyejua jumba la makumbusho ni nini. Kifungu kuhusu safari, njaa, bei na kazi chaweza kuwa na sentensi ndefu, na maana yake ikapatikana kwa kuwa mambo yenyewe yanajulikana.

Ya pili ni kwamba kuweka tafsiri kando ya matini humfanya mwanafunzi mvivu. Hatari hiyo ipo pale ambapo Kiingereza ndicho kinachotafsiriwa na Kiswahili ni jawabu. Katika vitabu hivi mambo yamegeuka: Kiswahili ndicho asili, na Kiingereza ndicho jaribio. Mwanafunzi ana haki ya kusema kwamba mtafsiri hakufika. Ili aweze kusema hivyo, lazima akisome Kiingereza kwa makini kuliko yule anayetafuta jawabu la swali la ufahamu.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba kumfungia mwanafunzi wa Kiambi katika habari za Kasongo na Lubumbashi ni kumnyima dunia. Kwa nini asisome habari za Roma? Asome. Kijana ana haki ya kustaajabia mbali, na mshangao huo umewafunza wengi lugha. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akiwa mgeni, na maelezo ya mgeni huyo ni miongoni mwa tunu za historia ya pwani. Kinachopingwa si mgeni wala safari. Kinachopingwa ni mpangilio unaomfanya mwanafunzi awe mgeni kila mahali, hata katika ukurasa unaohusu nchi yake. Akianza na mji anaoujua kwa ndani, atafika Roma akiwa na desturi ya kuuliza nani alibeba mawe.

6.0 Darasani Kiambi

Yote haya hayana thamani iwapo hayawezi kutendwa na mwalimu mwenye ubao, chaki na wanafunzi wengi. Hatua nne zaweza kupendekezwa.

Kwanza, kifungu kifupi cha Kiswahili kisomwe kwa sauti, na mwanafunzi, hadi darasa likubaliane maana yake. Njia iliyomfaa Kalundi Mango na Fabian haihitaji kifaa chochote isipokuwa masikio.

Pili, Kiingereza chake kiandikwe ubaoni sentensi kwa sentensi, na kila kitenzi kipigiwe mstari. Pale penye kauli ya kutendwa, darasa liulize: na nani? Pale penye daraja ya juu ya sifa, liulize: kuliko upi? Pale penye wakati uliopo, liulize: tangu lini, na je, bado?

Tatu, baada ya hapo, kisomwe kifungu cha kawaida cha vivutio, cha Mombasa, London au popote, kwa maswali yaleyale. Wanafunzi watakigundua kile kisichosemwa, nao watalazimika kukisema kwa Kiingereza chao wenyewe.

Nne, waandike habari za mahali pao. Kalemie ina tarehe yake: Kapteni Jacques, Mbelgiji, aliweka kituo pale mwishoni mwa mwaka 1891, na mji ukaitwa Albertville. Manono ina migodi yake ya bati, na mto Luvua uliwekewa kituo cha umeme cha Piana Mwanga kwa ajili ya migodi hiyo. Mwanafunzi aweza kuanza na sentensi sahihi ya vitabu: "The power station was built for the tin mines." Kisha aiendeleze: na akina nani, kwa mshahara gani, na umeme ule uliwasha taa za nani? Majawabu hayamo katika kitabu cha Kiingereza. Yamo kwa wazee, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, na kazi ya kuyavusha hadi Kiingereza ndiyo kazi ya kujifunza lugha.

Vyuo vya ualimu vya jimbo vyaweza kuirahisisha kazi hiyo kwa kuchagua kurasa kumi tu kutoka katika vitabu hivi viwili, kwa idhini ya wenye haki, na kuziandalia maelezo ya maneno magumu. Kurasa kumi zilizochaguliwa vyema zaweza kutumika kwa mwaka mzima.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba habari za miji ya kale ni njia nzuri ya kujifunzia Kiingereza, lakini aina yake iliyozoeleka ina sarufi inayomkalisha msomaji mahali pa mgeni. Maisha ya Hamed bin Muhammed humrudishia mtenda, ingawa ni mtenda anayepaswa kuhojiwa vikali. Vocabulaire ya Elisabethville humrudishia mkazi, pamoja na Kiswahili ambacho shule imemwambia akione haya, na ambacho katika suala la mahali humkaribisha kwa Kiingereza kuliko Sanifu.

Jina alilolichagua Yav lastahili neno la mwisho. Vitabu vya kusomea huweka msamiati mwishoni mwa kifungu, ukiwa orodha ya maneno ambayo mwanafunzi hakuyajua. Yav aliita msamiati habari yote ya mji, kana kwamba kuujua mji ni kujua maneno ya waliofanya kazi ndani yake. Mwalimu wa Kiambi anaweza kuanza na wazo hilo katika somo la kesho. Kabla ya kuandika ubaoni maneno kumi ya Kiingereza kuhusu mji wa mbali, awaombe wanafunzi maneno kumi ya Kiambi ambayo mgeni hawezi kuuelewa mji wao bila kuyajua, kisha watafute kwa pamoja Kiingereza chake.